Kidole Gumba cha Sindano

Siku ya kwanza kumwona, aliingia kibandani kwangu ameshika viatu vya mumewe kwa ncha za kamba, amevitenga mbali na mwili wake, na mumewe mwenyewe amesimama nyuma yake kwa soksi. Akaviweka juu ya meza yangu ya kazi.

"Fundi, niambie ukweli. Hivi ni viatu au ni msiba?"

Mimi si msemaji, na wanawake wenye sauti kavu hunifanya niangalie chini. Nikavigeuza nione soli. Vilikuwa viatu vyeusi vya dansi, vya aina ambayo soli yake ni ngozi laini yenye vinyweleo, ili mguu uteleze bila kuanguka. Kimoja kilikuwa kimechanika pembeni. Nikamuuliza yule mwanamume, kwa kuwa miguu ilikuwa yake, anaburuza upande gani.

"Usimuulize huyo," mkewe akadakia. "Hajui. Huyo ni baiskeli, mimi ndiye ninayekanyaga pedeli."

Waliokuwa kwenye korido wakacheka. Mume naye akacheka, huku ameinamisha kichwa chake kirefu ili kisigonge ngazi. Kibanda changu kiko chini ya ngazi ya ukumbi wa starehe wa wafanyakazi. Zamani kilikuwa mahali pa kuuzia soda, na bado kina dirisha dogo linalofunguka ndani ya ukumbi, kwa hiyo mtu akicheza ninamwona, atake asitake.

Watu walimwita Sindano. Alikuwa mwembamba, kweli, lakini jina halikutokana na mwili. Lilitoka mdomoni mwake. Mumewe walimwita Mnara. Alikuwa mlinzi wa benki, mlango wa mbele, mwanamume mrefu mwenye mabega ya kuvutia na uso mpole wa mtu aliyezoea kufungulia wengine mlango. Sindano alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kuu, kwenye ile mashine ya kunyooshea mashuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la kuungua kuanzia kifundo hadi kiwiko. Mtu akimuuliza limetoka wapi, alijibu kwamba amezaliwa nalo, na mama yake pia alikuwa shuka.

Dansi alijifunza akiwa msichana, kwenye kilabu cha vijana. Wasichana walikuwa wengi na wavulana hawakuja, waliona aibu. Mwalimu akatafuta msichana asiye na haya, akamweka nafasi ya mwanamume. Miaka yote ya usichana wake Sindano alicheza dansi kama mwanamume. Aliongoza, akageuza, akasukuma, akasimamisha. Alipoolewa na Mnara, akampata mume mwenye umbo ambalo kila mcheza dansi angelitamani, na asiyesikia mdundo hata ukimpigia ngoma sikioni.

Basi akalifanya umbo hilo kuwa lake. Kwenye waltzi, mwanamume hunyanyua mikono na mwanamke huweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wa mwanamume, karibu na bega. Vidole vinne vya Sindano vilionekana vimetulia vizuri juu ya koti. Kidole gumba kilikuwa kwa ndani, mahali asipoona jaji wala mpiga picha, na hicho ndicho kilichosema anza, geuka, ngoja, rudi. Mnara alikuwa akikisikia kupitia kitambaa na kufuata. Ukiwatazama kutoka mbele ungeapa kwamba mwanamume yule anamwongoza mkewe kama mtu anayebeba glasi iliyojaa maji.

Haya yote Sindano aliyasema waziwazi, mchana kweupe, mbele ya watu wote wa ukumbi. Alisema mumewe ni mlango na yeye ndiye bawaba. Alisema akikata kidole gumba, Mnara atageuka nguzo ya umeme. Kwa kuwa alimsema mumewe kila siku kwa jambo hili na lile, kuanzia anavyokunywa chai hadi anavyolala, watu walilichukua na hilo kuwa masihara yake. Walicheka, wakaendelea na mambo yao. Hata mimi nilicheka, japo dirishani kwangu.

Nisiseme kwamba alikuwa mbaya kwa mumewe peke yake. Msichana mmoja wa ukumbini alikuja na gauni jipya, Sindano akamuuliza dirisha la kwao limebaki na pazia gani. Mwangalizi wa ukumbi, mzee mwenye meno ya bandia, hakuwahi kucheka mbele yake tangu siku alipomwambia ayafunge kwa kamba asije akamng'ata mtu aliye mbali. Mimi aliniita Bubu. Lakini akishaingia ukumbini na muziki ukianza, uso wake ulibadilika. Ulikuwa uso wa mtu anayesoma kitu kizuri, polepole, na hataki kiishe. Hakuwa na kingine. Binti yao alishaolewa mbali na hakuwa mwepesi wa kuja kumwona mama yake. Kazi ilikuwa mvuke na mashuka. Kitu alichokitaka maishani kilikuwa kuonekana anacheza, na watu wanaojua dansi wakimtazama.

Halafu ikaja habari ya shindano la dansi la mataifa, lile la televisheni. Kila nchi ilipeleka jozi moja, na watu wa nchi zote wakatazama moja kwa moja kwa wakati mmoja, kama wanavyotazama mpira. Kwetu walifanya mchujo katika kumbi mbalimbali. Mnara na Sindano walishinda wetu, wakashinda wa mkoa, wakashinda wa taifa. Siku ya ule wa mwisho Sindano alirudi na viatu vyake mkononi, akasimama mlangoni pangu, akaniambia niviwekee ngozi mpya, bora niliyonayo. "Safari hii, Bubu, vinavuka mpaka," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniletea kazi bila kunitukana kwa kazi iliyopita.

Wiki iliyofuata bosi wa kipindi alikuja kutoka televisheni, mwanamume mwenye shati jeupe na tabasamu la kukodi. Alimweka Sindano na mumewe kwenye viti vya korido, nje ya kibanda changu, akawapongeza sana. Alizunguka na maneno kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kamera ina tabia zake. Kamera inapenda sura fulani. Akautazama mkono wenye kovu, akautazama uso wa Sindano, akasema watazamaji wa nchi nyingine hawamjui, wataona tu kile watakachokiona. Televisheni ilikuwa na msichana anayesoma hali ya hewa, kijana, mrembo, alishawahi kusoma dansi shuleni. Mnara angecheza na yeye. Sindano angetambuliwa kama mwalimu. Jina lake lingepita chini ya skrini.

Sindano hakumwangalia bosi. Alimwangalia mumewe. Nami nilikuwa na nyundo mkononi, nikaiacha hewani.

Mnara aliangalia kofia yake ya ulinzi aliyoipakata. "Mke wangu," akasema, "nchi imetuita. Si sisi tunaoamua." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na mimi sijawahi kupanda ndege."

Nilitegemea atamrarua. Kila mtu kwenye korido alitegemea. Sindano alisimama, akajikung'uta sketi, akamwuliza bosi huyo msichana wa mawingu ataanza mazoezi lini.

Wifi yake, dada yake Mnara, muuza vitambaa, alifika ukumbini jioni ile ile akiwa amejipamba kana kwamba ni harusi yake. Hawa wawili hawakuwahi kupendana; wifi alizoea kulalamika kwamba Sindano hamsifu kaka yake hata siku moja. Wifi aliketi kwenye benchi akatandaza nguo zake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba hatimaye kaka yake atacheza na mtu, baada ya miaka ya kucheza na ufagio.

"Wifi yangu," Sindano akamjibu, "ufagio umemfagia kaka yako kutoka jalalani. Huyo wa sasa tutaona atamfagia kumpeleka wapi."

Mazoezi yalifanyika mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Msichana wa hali ya hewa alikuwa na adabu. Alimwamkia Sindano kila alipoingia, akamwita mama, akamletea maji. Na Sindano alimfundisha vizuri, sijaona mtu anafundisha vile. Alimnyoosha shingo, akamlainisha magoti, akamfanya aelee. Kitu kimoja alikirudia kila siku: mwanamke anafuata. Asimsukume mwanamume. Asimbane mkono. Mkono wake uwe mwepesi juu ya koti, kama haupo.

Siku moja yule msichana aliuliza, na nilimsikia kupitia dirishani, "Mama, na akichelewa kuanza, nifanye nini?"

"Unasubiri."

"Na akichelewa sana?"

"Mwanangu, ukianza wewe, umemvua nguo mbele ya dunia. Unasubiri na unatabasamu."

Msichana akatikisa kichwa kukubali. Yeye alikuwa mwanafunzi mzuri.

Wakati wawili hao wanacheza, Sindano alizunguka nao nyuma ya mumewe, hatua kwa hatua, ameweka mkono juu ya mkono wa Mnara, karibu na bega. Bosi alipokuja kukagua aliuliza kwa nini. Sindano akasema bega la mumewe linaanguka, lazima lishikiliwe hadi lizoee. Bosi akaona ni utaalamu, akaandika kitu kwenye simu yake, akaondoka ameridhika. Mimi niliuona ule mkono kila siku kama walivyouona wote, nikaamini habari ya bega. Walicheza vizuri kiasi kwamba mwangalizi wa ukumbi aliacha kufagia. Siku moja alilia, meno yake ya bandia yote nje.

Safari ilipokaribia, Sindano alijua kwamba hatakwenda. Tiketi zilikuwa za wachezaji na bosi na mtu wa nguo. Alipewa habari hiyo na mumewe, si na bosi, pale pale mbele ya kibanda changu, Mnara alipokuja kujaribu viatu. Nilikuwa nimevipaka dawa na kuvisugua soli kwa brashi ya waya. Mnara alikaa kwenye kigoda, magoti yake yakifika karibu na kidevu. Sindano alipiga magoti mbele yake, akamfunga kamba. Sikuwahi kumwona akimpigia magoti mtu.

Mnara aliliangalia paji la uso la mkewe. Kisha akauliza, kama mtoto anayeuliza kama sindano itauma:

"Mama watoto, nitaweza kweli? Bila wewe?"

Alikuwa anaogopa. Miaka yote ya kucheka pamoja na waliomcheka, na kumbe alikuwa anajua. Hilo ndilo swali ambalo pengine angeliuliza siku ya kwanza, na jibu lake angelipata bure kutoka kwa yeyote aliyewahi kumsikia mkewe.

Sindano alimaliza fundo. Akainua uso, na uso wake ulikuwa mwema, mwema kabisa.

"Unaweza," akasema. "Siku zote ulikuwa unaweza. Mimi ndiye nilikuwa nakuzuia."

Mnara alifunika macho kwa kiganja. Mabega yake makubwa yalitikisika. Alisema asante, asante mke wangu, na akasimama haraka sana akagonga kichwa kwenye ngazi, akacheka machozi yakiwa bado yanamtoka. Wakatoka wameshikana mikono. Nilifurahi. Nilidhani nimeona mtu akisamehe.

Siku ya shindano, kule walikokwenda kulikuwa usiku, kwetu jua lilikuwa bado kali. Mwangalizi alifunga mapazia ya ukumbi na kukodi skrini kubwa. Watu walijaa hadi kwenye madirisha. Wafanyakazi wa benki walikuja na sare zao. Wifi alikaa mbele kabisa, na kila aliyepita alimwambia kwamba yule ni kaka yake, tumbo moja. Sindano alikaa kiti cha pembeni chenye mikono ya mbao, karibu na dirisha langu. Hakujipamba. Alikuwa ametoka kazini na alinuka sabuni ya hospitali.

Zilipita nchi nyingine. Kila jozi iliposhuka watu wetu waliiponda, yule mnene, yule anaruka kama chura. Halafu likatajwa jina la nchi yetu na ukumbi ukalipuka.

Mnara alitoka gizani amevaa koti jeusi lililomkaa kama limemwagwa juu yake. Sijaona mwanamume mzuri kama alivyokuwa pale. Msichana alikuwa na gauni la bluu linalometa. Walisimama katikati ya sakafu, akanyanyua mikono, akampokea. Msichana akaweka mkono wake juu ya koti, mwepesi, kama haupo. Muziki ukaanza.

Hakuenda.

Muziki ukapita mahali pa kuanzia. Ukazunguka, ukarudi, ukapita tena. Mnara alikuwa amesimama na mikono yake mizuri juu, na msichana alikuwa anamsubiri na anatabasamu. Ukumbini mtu mmoja akasema ni mtindo, ni mbwembwe hizo, ngojeni. Kisha kamera ikamsogelea usoni. Na Mnara, mbele ya nchi zote zile, akageuza kichwa akauangalia mkono wake wa kulia. Aliuangalia kama mtu anayeangalia simu ambayo haiiti.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya bega. Nikamgeukia Sindano. Vidole vyake vinne vilikuwa vimetulia juu ya mkono wa kiti. Kidole gumba kilikuwa chini yake, kinabonyeza mbao. Anza. Anza. Geuka. Kilikuwa kwenye mdundo, hakikukosea hata kidogo. Macho yake hayakuwa kwa mumewe. Yalikuwa kwenye lile gauni.

Mwishowe Mnara alitembea. Hiyo haikuwa dansi, alitembea tu kama mtu anayetafuta choo kwenye nyumba asiyoijua. Alikanyaga pindo la gauni, likachanika, msichana akaanguka kwa magoti. Akainuka bado anatabasamu, akaweka tena mkono, akasubiri tena. Watazamaji wa kule walianza kupiga makofi ya kejeli. Mtangazaji alisema kitu na wote wakacheka. Majaji walipoinua vibao, mmoja wao alikuwa amejifunika mdomo kwa karatasi. Tukawa wa mwisho, tena mbali sana na waliotutangulia.

Wifi ndiye aliyeanza. Alisimama akamnyooshea Sindano kidole.

"Umemfanyia nini kaka yangu?"

"Nimemsifu," Sindano akasema. "Si mlisema simsifu?"

Akachukua mkoba wake akatoka, na watu wakampisha.

Msichana waliporudi aliondolewa kwenye hali ya hewa. Walimpeleka redioni, asome vifo. Sindano alipoambiwa alisema binti yule hana kosa, alifuata vizuri. Mnara alirudi kazini. Wateja walipofika mlangoni pa benki walisimama mbele yake wamenyanyua mikono, wametabasamu, wakisubiri. Watu wazima, wenye tai. Watoto wa shule walimwita Sanamu. Benki ikamhamishia geti la nyuma, yanapoingia magari ya takataka, na hapo ndipo alipo hadi leo.

Hakumpiga mkewe, hakumfokea. Alihamia kwa dada yake, kwenye chumba cha kuwekea majora ya vitambaa. Alikuja kwangu mara moja tu baada ya hapo. Alitaka niing'oe ile ngozi laini niweke mpira mgumu, avivae geti la nyuma. Aliketi akanitazama nikivibandua. Alichosema ni hiki:

"Fundi, miaka yote hajawahi kunisifu. Siku moja tu. Na mimi nikaamini."

Nilibandika mpira, nikapigilia misumari. Akalipa, akaondoka.

Sindano aliendelea kuja ukumbini siku zile zile za dansi. Alivaa viatu vyake kwenye benchi, akafunga vishikizo, akakaa ameweka mikono mapajani. Muziki ulipigwa, wanaume wakawachagua wengine. Hakuna aliyemwendea. Wazee waliomfahamu tangu zamani waliogopa, na vijana walikuwa wameambiwa. Wimbo ukiisha alitazama sakafu, mwingine ukianza alinyoosha mgongo. Hivyo mpaka taa zinazimwa. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyofikiri mtu mwingine angeweza kujikaza.

Siku ya mwisho kumwona, mvua ilikuwa imezuia watu na ukumbi ulikuwa na wachache sana. Alikuja dirishani kwangu. Nikadhani kiatu kimepata kitu. Akanitazama nilivyo, aproni, gundi kwenye vidole, akasema nitoke.

Nilitoka. Sijui kwa nini watu hawajui kwamba mtu anayetazama dansi kila siku huwa anacheza kichwani. Nilijifuta mikono, nikanyanyua mikono yangu kama nilivyoona inanyanyuliwa. Akaingia. Alikuwa mwepesi mno, na kwa karibu alinuka mvuke. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya wangu, karibu na bega, nikakisikia kile kidole gumba kikijiweka mahali pake.

Muziki ukaanza nami nikaenda. Kidole kilibonyeza, lakini nilikuwa nimekwishaanza. Kikabonyeza tena, ngoja, nami tayari nilikuwa nageuka kona ya kwanza. Sikuwa hodari, nilimkanyaga. Lakini mdundo niliusikia, na mguu haukungoja kuambiwa. Tulifika mwisho wa ukumbi hivyo, yeye akibonyeza na mimi nikienda, na mwili wake ukawa mgumu mikononi mwangu kama ubao.

Akasimama. Akautoa mkono wake begani mwangu, akakitazama kidole chake.

"Yeye alikuwa ananisubiri," akasema. "Wewe unakwenda tu. Rudi kwenye viatu vyako, Bubu, huna faida kwangu."